Paa la Jirani Kabla ya Masika

Ukitoka Mbagala Rangi Tatu kuelekea Chamazi, au ukiiacha Tegeta nyuma yako ukapanda Wazo na Madale hadi Mabwepande, utakutana na nyumba nyingi ambazo bado hazijawa nyumba. Kuta zimesimama hadi kwenye lenta, nondo zimechomoza juu ya nguzo, majani yameota palipokusudiwa kuwa sebule. Mwenye nyumba yuko mjini anatafuta fedha. Mwaka huu amemwaga msingi, mwakani atapandisha kozi chache, mwaka wa tatu Mungu akijalia atapaua. Hivi ndivyo sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilivyojengwa, tofali kwa tofali, bila mkopo wa benki, na hakuna aibu yoyote katika ujenzi wa namna hiyo.

Lakini tazama vizuri. Dirisha moja la pagale limezibwa kwa bati chakavu. Mlango umeungwaungwa kwa mabanzi. Nyuma kuna kamba ya kuanikia nguo, na kwenye kamba kuna sketi ya shule. Pagale lina watu. Mara nyingi ni fundi au saidia fundi aliyeruhusiwa kukaa pale na familia yake ili matofali yasiibwe, mbao zisipotee na mipaka ya kiwanja isisogezwe usiku. Halipi kodi, ulinzi wake ndiyo kodi. Siku mwenye nyumba akipata fedha za madirisha, rangi na umeme, fundi huyu hufunga mizigo akahamia pagale jingine, pengine mtaa wa tatu, pengine upande wa pili wa jiji. Anaishi ndani ya nyumba kwa muda ule tu ambao bado haijafaa kuishi watu. Ikishafaa, anaondoka.

Mizigo yake ni michache kwa sababu maisha yameichambua. Godoro, mkeka, jiko la mkaa, ndoo mbili za maji, begi la nguo. Kisha mfuko wa zana, ambao hauachwi nyuma hata iweje: nyundo, mwiko, timazi, pimamaji, futi, kamba na msumeno. Nimewafikiria sana watu hawa, si kwa kuwahurumia, bali kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaoitwa upepo ukinyanyua bati la jirani. Mtu asiye na nyumba ndiye anayeziponya nyumba za wenzake. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna somo ambalo sisi wenye anwani za kudumu hatujalipata.

Mtaani kwetu Mbagala yupo bibi mmoja, mjane, mwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na choo uani. Chumba kimoja analala yeye, vingine anapangisha. Mtu wa mbali humwita mwenye nyumba na kudhani ana uwezo. Ukweli ni kwamba kodi ikiingia huwa tayari imeshapangiwa kazi: dawa zake za presha, ada ya mjukuu, deni la dukani. Bati hubaki mwisho wa foleni, na foleni haiishi. Kila masika ndani ya vyumba vile yaliwekwa mabeseni, kitanda kikasogezwa kona hii, kesho kona ile.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, jua likiwa kali bado, fundi anayeishi pagale la nyuma yetu alikuja na ngazi ya miti. Alianza na hodi na shikamoo, akaomba kuingia kila chumba kuona matone yanaangukia wapi. Wapangaji walisogeza vyombo, wakamwonyesha. Kisha akapanda. Hakutembea ovyo, alikanyaga pale tu palipo na misumari, kwa kuwa chini ya misumari ndipo zilipo papi, na bati lisilo na mbao chini yake hupinda kwa uzito wa mtu. Aliposhuka alisema, "Bibi, bati lako halijafa. Kilichokufa ni misumari."

Alituonyesha. Jua la Dar es Salaam hulitanua bati mchana, usiku bati likasinyaa, na mchezo huo wa miaka hulegeza msumari polepole. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hukakamaa, ukapasuka, maji yakapata njia. Hewa ya chumvi ya bahari humalizia kazi kwa kutu. Tena yule aliyepaua nyumba hii zamani alikuwa amepiga misumari mingine bondeni mwa bati, mahali maji yanapopita, badala ya kuipiga mgongoni. Mawe na matairi yaliyopandishwa juu yalizuia upepo usiling'oe paa, lakini hayakuziba tundu hata moja; kando ya kila jiwe majani na maji vilituama, na hapo ndipo kutu ilipoanza kula.

Mpangaji mmoja mwenye bodaboda alikwenda dukani kuleta misumari ya bati yenye mipira mizima na kopo la lami. Wengine tulichanga. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika ngazi na kupitisha misumari. Fundi aling'oa ile mibovu, akahamishia mingine mgongoni, matundu ya zamani akayaziba, na palipokuwa na kutu iliyotoboka akachomeka kipande cha bati chini ya bati la juu yake ili maji yateremke bila kurudi ndani. Jioni Bibi alifungua pindo la kanga kutoa noti. Fundi akasema, "Acha, Bibi. Nipikie ubwabwa tu, nile na wanangu." Bibi akamjibu, "Mungu akuzidishie, mwanangu," akaingia jikoni.

Marekani wapo watu wanaofanana na fundi huyu kwa jambo moja, ingawa hali zao ni mbali mno na yake. Ni wastaafu walioamua kuishi mwaka mzima ndani ya magari makubwa yenye kitanda, jiko, choo na bafu. Baadhi yao hujiunga na mpango wa shirika la Habitat for Humanity uitwao RV Care-A-Vanners. Kikundi huegesha magari karibu na eneo la kazi, kwa kawaida hukaa kama wiki mbili wakijenga au kukarabati nyumba za watu wenye kipato kidogo, kisha huwasha magari na kwenda mji mwingine. Hawalipwi. Nyumba yao ina magurudumu, na wanaitumia kuzifikia nyumba zilizovunjika.

Asili ya shirika hilo inatuhusu sisi Waafrika kuliko wengi wanavyofahamu. Millard Fuller, mwanasheria na mfanyabiashara wa Alabama aliyegawa utajiri wake, alikwenda na mkewe Linda kuishi Mbandaka, Zaire (Kongo ya leo), kuanzia mwaka 1973 hadi 1976. Huko, kando ya Mto Kongo, walijaribu wazo la nyumba zinazojengwa na wenyeji pamoja na watu wa kujitolea, zikauzwa bila faida na bila riba. Waliporudi Marekani mwaka 1976 wakaanzisha Habitat katika mji wa Americus, Georgia. Wazo lile, basi, lilipimwa kwenye udongo wa Afrika, kwa mikono ya Waafrika, ndipo likavuka bahari. Mstaafu anayeegesha gari lake kwenye mji mdogo wa Marekani leo ili apande juu ya paa la asiyemjua anafuata njia ambayo sehemu yake ilichorwa Kongo.

Tofauti kati ya mstaafu yule na fundi wetu haifai kufichwa. Yule amechagua kuhama. Huyu anahamishwa na hali. Yule ana pensheni. Huyu akikosa kibarua leo, watoto wake wanalala na uji. Kwa hiyo siwezi kuyasifu maisha ya pagaleni, wala sitamani mtoto yeyote akulie kwenye nyumba isiyo na madirisha. Ninachokisifu ni kitu ambacho wote wawili wamekifahamu: kuhamahama hakumwondolei mtu ujirani. Ujirani hauanzi siku ya kupata hati ya kiwanja. Unaanza siku unapolala mahali ambapo mvua yako na mvua ya mwenzako ni moja.

Hili linagusa jiji zima. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga kwenye mitaa iliyojengwa kabla ya ramani. Mpangaji husema, "Nyumba si yangu, nitajengaje?" Mwenye nyumba husema, "Kodi haitoshi." Jirani mwenye nafuu husema, "Ana watoto wake." Kila mmoja ana neno la kweli, na mvua inapita katikati ya maneno hayo yote. Yule mwenye sababu kubwa kuliko sote ya kusema hayamhusu, asiye na nyumba wala mkataba wa chumba, alikuja na ngazi. Baada ya kumwona, udhuru wa upangaji umepungua nguvu machoni pangu.

Wala tusiseme hatujui kujipanga. Mtu akifariki mtaani, kabla ya adhuhuri turubai limefungwa, viti vimefika, kina mama wamewasha moto, na daftari la rambirambi liko mezani na mtu mwaminifu wa kuandika. Harusi ikikaribia, kamati ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Kadi zinagawiwa, ahadi zinafuatiliwa kwenye simu mchana na usiku. Huo ni uwezo mkubwa wa kushirikiana, na ni wetu wenyewe, hatukufundishwa na mfadhili. Kinachouma ni kwamba uwezo huo huamka kwa harusi na kwa msiba, ukalala katika siku zote zilizo katikati. Tumewazika wazee waliomaliza masika yao ya mwisho wakikinga matone kwa sufuria. Tuliwachangia sanda tukashindwa kuwachangia bati.

Nadhani ninaijua sababu. Msiba hauombi, unakuja wenyewe, na hakuna aibu kwa aliyefiwa. Paa linalovuja linamlazimu mtu mzima kusema kwa kinywa chake kwamba ameshindwa, tena aseme kwa majirani watakaokutana naye kesho kisimani. Wengi huona heri beseni kuliko neno hilo. Ndiyo maana msaada wa namna hii hautakiwi kusubiri kuombwa. Fundi wetu hakuombwa; alikuwa amepita uchochoroni wakati wa vuli, akaona mabeseni mlangoni, akakumbuka.

Historia ya jiji hili inatuonyesha pia kwa nini nyumba yenyewe imeachwa peke yake. Katika miaka ya 1970 serikali iliacha mtindo wa kubomoa makazi yasiyopimwa ikaanza kuyaboresha, na kwa mkopo wa Benki ya Dunia mitaa kama Manzese ikapata barabara, maji na mitaro. Ulikuwa uamuzi wa busara na wa utu. Lakini miradi ya aina ile, tangu wakati ule hadi leo, hukomea kwenye kizingiti. Barabara ni ya mradi, mtaro ni wa mradi. Paa ni la mwenyewe.

Hananasif, pale Kinondoni, wakazi walivuka hatua moja zaidi. Mafuriko yalikuwa yakiingia majumbani, na katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, wakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, walichimba na kujenga mitaro ya maji ya mvua wakisimamiwa na kamati yao. Walichangia, na pia walilipwa ujira. Upande wa Temeke, upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini, wapangaji waliachwa mikono mitupu, kwa sababu fidia humfuata mwenye nyumba. Baadhi yao, kupitia vikundi vyao vya kuweka akiba na wakishirikiana na asasi ya Centre for Community Initiatives, walinunua ardhi Chamazi, wakajifunza kufyatua matofali, wakajenga. Wapangaji waliofukuzwa na maendeleo waligeuka kuwa wajenzi. Anayesema watu wa kipato cha chini hawawezi kushika ujenzi wao aende Chamazi akajionee.

Na Mbagala tuna kumbukumbu yetu nzito. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya kambi ya jeshi yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba yaliharibika, kuta zikapasuka, mabati yakang'oka. Aprili ni katikati ya masika. Tathmini ya fidia ina taratibu zake na muda wake; mvua haina. Kati ya siku nyumba inapopasuka na siku hundi inapotoka, anayebaki na mwenye nyumba ni jirani.

Ukarabati wa kujitolea, hata hivyo, una masharti yake, na nia njema peke yake haitoshi.

Sharti la kwanza ni haki kwa fundi. Kumwomba mtu wa kibarua atoe siku nzima bure, kila wiki, kwa kuwa tu ana moyo, ni kumhamishia yeye umaskini wa mwenzake. Fundi wetu alitoa Jumapili yake kwa hiari, na ubwabwa ukatosha kwa sababu yeye ndiye aliyesema unatosha. Sisi wenye mshahara hatuna ruhusa ya kuufanya ukarimu wake kuwa bei ya kawaida. Tuchange vifaa, na tukiita fundi kwa mara ya pili tumlipe. Hananasif walilitambua hilo zamani: jasho la jirani nalo lina thamani.

Sharti la pili ni ujuzi. Kijana mwenye bidii asiyejua papi ziko wapi atatoboa paa alilokuja kuliziba, au ataanguka. Paa la asbesto lisikatwe wala kupondwa na mtu asiye mtaalamu, kwani vumbi lake linaharibu mapafu. Waya wa umeme unaoingia nyumbani kupitia darini usiguswe mpaka mwenye kazi yake aitwe. Pale Chang'ombe, Temeke, kipo chuo cha VETA kinachofundisha vijana ufundi. Mtaa ukiwaalika wanafunzi wawili watatu pamoja na fundi mzoefu, mjane anapata paa na kijana anapata mkono.

Sharti la tatu husahaulika, nalo lina uzito kuliko yote. Nyumba ikikarabatiwa kwa jasho la mtaa, kodi isipande. Tumeona nyumba zikipakwa rangi na mpangaji wa miaka mingi akaambiwa apishe. Makubaliano yafanyike mapema, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba waliokuwa wakilowa ndio watakaokaa pakavu, kwa kodi ileile, kwa muda utakaoandikwa. Bila karatasi hiyo tutakuwa tumejenga thamani ya mmoja kwa kuwaondoa watano.

La nne ni heshima. Kuziba paa kunamlazimu mtu kuingia chumbani mwa mwenzake, aone kitanda chake, nguo zake, dawa zake. Hodi ipigwe. Picha zisipigwe. Yaliyoonekana ndani yabaki ndani.

Na kazi isiishie juu. Maji yanayodondoka kutoka kwenye paa lisilo na mfereji huchimba mchanga wa Mbagala mpaka msingi ukabaki wazi, ukuta ukakaa vibaya, ufa ukaanza kwenye kona ya dirisha. Tandale, karibu na Mto Ng'ombe, shida hutoka chini: maji yako juu ardhini, chumvi hupanda ukutani, plasta ikabanduka. Kumwaga zege jembamba kuzunguka nyumba, likiinamia nje, huokoa msingi kwa gharama ndogo kuliko kujenga ukuta upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaipenda tunapozungumzia malezi na ndoa. Ni wakati wa kuitumia kwenye ukuta wenyewe.

Sidai kwamba misumari ya Jumapili moja itatatua tatizo la makazi la jiji hili. Ardhi iliyopimwa, mikopo nafuu, mitaro mikubwa na ulinzi wa mpangaji ni kazi ya serikali, na ni haki yetu kuidai bila kuchoka. Lakini aliyelala chini ya tundu usiku wa leo hawezi kujifunika sera. Yapo mambo ya serikali, yapo ya mwenye nyumba, na yapo ya mtaa. Kumwacha mzee alowe ilhali kuna ngazi kwa jirani ni jambo la mtaa, na lawama yake ni yetu.

Masika huanza Machi. Januari na Februari ni miezi mikavu, na ndiyo miezi ya kazi. Wewe unayesoma haya, uwe Kinondoni au Temeke, umiliki nyumba au upange chumba kimoja, mwendee mjumbe wenu mwezi huu mwulize ni nyumba ipi iliyovuja zaidi vuli iliyopita. Iwe moja tu. Fungueni daftari kama lile la rambirambi, andikeni nani atatoa misumari, nani atatoa bati, nani atatoa mikono, na fundi atalipwa nini. Kisha chagueni siku, mpande kabla mawingu hayajafunga.